Shahidi Wangu Alikuwa Mtani

Siku ile ilikuwa ya vitunguu. Nakumbuka kwa sababu tangu asubuhi macho yalikuwa yananitiririka, na kitunguu kinakuliza hata kikiwa ndani ya gunia, asikudanganye mtu kwamba mpaka kikatwe. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu nyuma ya soko la Kariakoo, upande yanakoingilia malori, nashona midomo ya magunia. Ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Watu wakiona gunia limefungwa hawafikirii kwamba kuna mtu alilifunga. Unakunja pembe mbili zitoke kama masikio, mpagazi apate pa kushika, halafu unapita katikati na shazia, ile sindano nene iliyopinda kidogo nchani, na uzi wa katani. Mshono ukiwa mpana vitunguu vinachungulia. Ukiwa mdogo mno unachelewesha lori, na dereva anakutukania mama.

Jina langu Kondo. Alinipa bibi yangu mzaa baba, Mzaramo wa Kisarawe, na kwa wazee wetu kondo ni vita. Lakini sikuzaliwa vitani. Nilizaliwa siku ambayo bibi na wifi yake walishikana nywele kwa ajili ya minazi. Hiyo ndiyo vita iliyonipa jina. Hii ninayotaka kuieleza ilikuja baadaye.

Jioni baada ya kazi nilikuwa nakwenda Mnazi Mmoja kwenye mafunzo ya mgambo. Tulikimbia uwanjani na bunduki za mbao, tunaimba, watoto wanatufuata nyuma wanatuigiza. Nitasema kweli, sikujiunga kwa uchungu wa nchi. Nilijiunga kwa ajili ya buti. Aliyemaliza mafunzo alipewa buti, na mimi nilikuwa sijawahi kuvaa kiatu kinachofunika kifundo cha mguu.

Basi jioni ile ya vitunguu hatukukimbia. Mkufunzi alitupanga mistari, kisha akageuza shingo kusikiliza. Kwa muuza kahawa, ng'ambo ya barabara, redio ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho, na watu walioizunguka walikuwa wameshika vikombe bila kunywa. Nchi imevamiwa, upande wa Kagera. Mkufunzi alisema kesho mje na nguo za kubadilisha, bunduki za mbao ziacheni. Mtu mmoja akacheka. Alicheka peke yake.

Kesho yake niliaga nyumbani na kifurushi cha nguo. Shazia nilikuwa nimeichomeka kwenye ukosi wa shati kama kila siku, wala sikujua kwamba nimeondoka nayo mpaka iliponichoma kwenye treni.

Treni ya bara mnaijua. Siku hizi watu wanapanda ya umeme, wanafika kabla hawajamaliza karanga. Ile yetu ilikuwa inasimama kila penye kichaka. Tulipofika Tabora wakapanda wanajeshi wa kambi ya pale pamoja na mgambo wao, na mmoja mwenye tepe mbili begani akaja kusimama mbele yangu. Mfupi, kifua kipana, meno ya mbele yameachana.

"Wewe mbona macho mekundu? Umeanza kulia kabla hatujafika?"

"Vitunguu, afande."

"Kabila gani?"

"Mzaramo."

Akageuka akawapigia kelele wenzake behewa zima. "Jamani njooni mwone! Vita tumeshindwa, tumeletewa Mzaramo!" Kisha akachukua mkate wangu uliokuwa mapajani, akaung'ata. "Babu zako walimtoza babu yangu hongo ya kupita Pwani. Huu ndio ninaanza kulipwa."

Nikajua ni Mnyamwezi. Nikasimama, tepe au si tepe.

"Kula, mla michembe, viazi vyenu hivyo vya kukausha. Babu yako alikuwa mpagazi wa babu yangu, na wewe utanibeba tu."

Behewa likalipuka kwa vicheko. Huyo ndiye Maganga, Koplo Maganga, na hivyo ndivyo tulivyojuana.

Kwa asiyejua, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Jambo hilo lina miaka mingi, tangu misafara ya kwao ikija Pwani na mizigo mabegani. Mtani anaweza kukunyang'anya sahani, kukutukana mbele ya wakwe, na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna umeaibisha ukoo wako. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayekuzika. Tena mtani hakusifu. Akikusifu usoni, kapime homa.

Maganga aliwekewa mgambo wa kuwaongoza, akanichagua. Alisema anataka wa kumpikia. Alimchagua na Mihayo, kijana wa kijijini kwao, umri wangu, ameoa juzijuzi. Mihayo hakuwa mtu wa maneno. Ukimkanyaga mguu hasemi kitu, anausogeza tu. Mimi na Maganga tukitupiana matusi yeye anatazama kama mtu anayetazama mpira, huku na huku, anatabasamu, basi.

Tulivuka ziwa kwa meli, tukafika upande wa Bukoba. Yale ya mbele ya hapo sipendi kuyasema kwa mpango, kwa sababu hayakai kwa mpango kichwani mwangu. Nakumbuka kijiji chetu wenyewe, ndani ya nchi yetu, kimya. Chungu kiko kwenye mafiga, ndizi ndani zimegeuka nyeusi. Kuku mmoja anatembea. Mlango umeng'olewa na umelazwa chini vizuri, kama aliyeung'oa alikuwa na haja nao. Maganga alipita nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku hiyo hakunitania.

Daraja lilikuwa limevunjwa, tukavuka mto lilipowekwa jingine. Tukapigana mpakani. Tukaingia nchini kwao, wale waliotuvamia, kwa miguu. Watu wa sinema wanadhani vita ni kupiga risasi. Vita ni kutembea. Unatembea kwenye mvua mpaka lile buti uliloliona la thamani linakuchuna nyama, halafu unaambiwa kaa, halafu unaambiwa inuka.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua, kwa bahati. Tulikuwa kwenye barabara ya udongo mwekundu, migomba huku na huku. Lori letu la risasi lilikuwa limechanika turubai na mawingu yalikuwa yanakusanyika mbali. Maganga akaniita.

"Mzaramo, leo utafanya kazi ya maana tangu uzaliwe. Ile sindano yako unayo?"

"Ninayo."

"Shoneni hili turubai. Mihayo atakushikia. Kaeni chini ya lori, kuna kivuli, na ndege zikipita hazitawaona."

Wenye akili mtasema lori la risasi si mahali pa kukaa. Risasi zilikuwa zimeshashushwa asubuhi ile. Tukaingia. Turubai tukalivuta ndani. Mihayo akawa anakunja pindo, mimi napitisha uzi. Kulikuwa na harufu ya dizeli na ya vumbi lililoloa. Nilikuwa najisikia niko Kariakoo.

Mlio wa kwanza ulikuwa mbali.

Wa pili sikuusikia.

Niliona udongo umekuja mdomoni. Sikuona mguu wangu, niliona turubai limekuwa jekundu na nikadhani ni udongo ule ule.

Nikalia. Sina la kuficha. Nililia kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa tena.

Kisha mikono ikanishika kwapani, nikavutwa, nikatupwa mgongoni mwa mtu. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa, mpaka leo limekufa. Kwa la kulia nikasikia sauti ya Maganga, anahema, anakimbia.

"Unalia kama mbuzi wa Idi! Mzaramo umejificha chini ya lori, bomu limekufuata humo humo! Mzito kama gunia la chumvi, umekula mchele wote wa jeshi! Lia! Nasema lia, mbuzi wewe, usinyamaze!"

Kila nikitaka kulala ananitukana. Alinitukana kwenye migomba yote ile mpaka penye daktari.

Mihayo hakutoka.

Maganga alikuja kuniona hospitali, nilikorudishwa huku nchini, baada ya majuma. Alikaa kitandani kwangu, akala maandazi yangu, akanirudishia shazia. Ilikuwa imepinda vibaya, karibu kuvunjika. Nikamuuliza imefanyaje.

"Nimefungulia makopo ya nyama," akasema. "Ulidhani tumeiweka makumbusho?"

Nikamuuliza Mihayo.

"Mihayo alikwenda pale pale. Hakuhisi kitu." Akainuka. "Ukipona usiwaambie watu ulikuwa vitani. Waambie ulikuwa unashona chini ya lori."

Na hilo likawa neno letu. Miaka yote, popote tukikutana, hanisalimii. Anasema, "Mbuzi wa chini ya lori hajambo?" Yeye alibaki jeshini mpaka akastaafu, mimi nikarudi kwenye magunia na mguu ninaouburuta. Alipostaafu hakurudi Tabora. Alipata ulinzi kwenye duka la vitenge la Mchaga mmoja pale Kariakoo, na mimi kigoda changu kilikuwa mtaa wa pili, kwa hiyo matusi nikawa nayapata kila siku kama kahawa.

Sasa nije kwenye lililonifanya nieleze haya yote.

Vile vipande vya bomu havikutoka vyote. Daktari wa wakati ule alisema viacheni, mwili utavizoea. Mwili ulivizoea mpaka nilipopita sabini, ukachoka. Kipande kimoja kikasogea kwenye nyonga. Ikaanza kuvimba, halafu kutoa usaha. Mwanangu Zainabu, anauza mitandio pale Msimbazi, alinipeleka hospitali mpaka kwa daktari wa mifupa, naye akasema kwa upole wote kwamba nipasuliwe kipande kitolewe, au tukingoja, mguu utakatwa juu kabisa. Upasuaji wenyewe si wa kitoto, na baada yake kuna miezi ya kufundishwa kutembea. Akaniuliza, "Mzee, umesema ni la vita. Kwa nini hutibiwi kama mpiganaji?"

Sikuwahi kuuliza. Hilo nalo niliseme. Nilidhani hayo mambo ni ya wanajeshi, wenye tepe. Mgambo ni mgambo. Zainabu akasema, "Baba, bomu liliuliza kama wewe ni mgambo?" Mtoto ana mdomo huyu, sijui kautoa wapi.

Tukaenda ofisi inayoshughulikia mambo hayo, iko upande wa mjini, unavuka Mnazi Mmoja. Tulimkuta binti wa jeshi, luteni, kavaa miwani, mtaratibu. Akaniamkia, "Shikamoo babu," nikaitika. Akatueleza vizuri. Mgambo aliyepelekwa vitani anastahili, iwapo aliumia akiwa kazini. Alete cheti cha kuachishwa. Nikamwambia cheti kilikuwa kwenye sanduku, na sanduku lilikuwa kwenye chumba nilichopanga Jangwani, na Jangwani maji yanapokuja hayachagui. Msinicheke. Kodi ya bondeni ilikuwa nafuu.

"Hata kumbukumbu zetu za mgambo si kamili," akasema. "Basi lete shahidi. Awe alikuwa kiongozi wako kule, na yeye mwenyewe tuwe naye kwenye orodha. Ataapa na kueleza jinsi ulivyoumia."

Nilitoka nimefurahi. Shahidi ninaye, analinda vitenge.

Maganga alivaa koti lake la kustaafia na medali. Tukakaa mbele ya luteni, mimi, yeye na Zainabu. Akaapa kwa Biblia, mkono juu. Luteni akashika kalamu.

"Mzee, unamfahamu huyu?"

"Namfahamu sana. Huyu ni mtumwa wangu."

Nikacheka. Zainabu akacheka. Luteni akatabasamu kidogo, tabasamu la adabu.

"Alikuwa vitani?"

"Vitani?" Maganga akanitazama juu mpaka chini. "Tuseme alikuwepo. Mzaramo vitani ni kama nazi kwenye supu ya mbuzi, ipo tu."

"Uliona alivyoumia?"

"Niliona kwa macho haya. Wenzake tuko barabarani, yeye amejificha chini ya lori. Bomu likamfuata humo humo. Akalia kama mbuzi wa Idi!"

Mimi nikapiga paja langu, lile zima, nikasema, "Afande, usimsikilize, huyu alikuwa anapigana na sufuria ya ugali!" Tukacheka mpaka Maganga akakohoa. Tulitoka pale tumeshikana mikono kama wachumba. Hata hatukuwaza. Kama ningekuwa nimelala jenezani, Maganga angesema maneno hayo hayo, na watu wetu wote wangeelewa kwamba anasema huyu alikuwa mwenzangu.

Tulipoitwa tena luteni hakutabasamu.

"Babu, samahani. Ombi halikupita. Shahidi wako ameapa kwamba ulikuwa umejificha, hukuwa kazini. Mimi naandika ninachoambiwa."

Maganga alisimama. Akakaa. Akasimama tena.

"Binti yangu, ule ulikuwa utani! Huyu ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi!"

"Mzee wangu, mimi natoka Kilimanjaro. Watani zetu ni Wapare. Tunataniana mpaka tunakaribia kupigana. Lakini mtu akishika Biblia tunaacha."

Zainabu alinitazama, nikaona anahesabu mguu wangu kama umeshakatwa. Nilitazama chini. Nilikuwa nimevaa viatu viwili na nikafikiri hiki cha kushoto nitampa nani.

Luteni akavua miwani akaifuta. Si mtu mbaya yule, semeni hivyo popote. Akasema, "Naweza kuchukua maelezo ya pili, niandike kwa nini yanatofautiana na ya kwanza. Lakini Mzee Maganga utasema mwenyewe, bila babu kuwepo. Nyinyi mkiwa pamoja mnaharibiana."

Nikatolewa nje, kwenye benchi la ukutani. Zainabu akaenda kutafuta maji. Juu ya kichwa changu kulikuwa na dirisha la wavu. Ningeweza kukaa sikio bovu liwe upande wa ukuta. Niligeuka, nikaweka zima.

Kisha Maganga akaanza, na ile sauti sikuitambua. Ilikuwa sauti ya mtu wa kawaida.

"Afande, mimi ndiye niliyewaweka chini ya lori. Wote wawili. Niliwapa kazi ya kushona turubai. Niliwaambia kaeni hapo, pana kivuli. Kondo hakujificha. Kondo alikuwa anafanya kazi niliyomtuma."

"Wote wawili, yeye na nani?"

"Na Mihayo. Mama yake alinishika mkono stesheni, akasema nimekupa huyu."

Nikamsikia anakohoa, kisha akaendelea.

"Bomu lilipopiga nikaenda mbio. Mmoja alikuwa analia. Mmoja kimya. Nilikuwa mimi peke yangu, wengine walishalala kwenye mitaro. Nikasema anayelia ndiye mzima. Nikambeba anayelia. Mihayo nilimwacha mkono uko kifuani. Nakumbuka, mkono wa kulia, kifuani. Mihayo alikuwa mtu wa kimya siku zote, afande. Siku zote. Nilimjua tangu tunachunga, na bado nilisema kama yuko hai atalia."

"Uliporudi?"

"Niliporudi mkono ulikuwa umeshika tairi."

Luteni hakuandika. Nilikuwa nasikia kalamu yake tangu mwanzo, na pale sikuisikia.

"Nilimfunga kwenye lile turubai. Nilimshona kwa sindano ya Kondo. Mimi sijui kushona. Kondo hajui. Nilimwambia alikufa pale pale."

Zainabu akarudi na maji, nikanywa. Akauliza, "Baba, macho yana nini?" Nikasema usaha wa nyonga unapanda. Akaniambia usaha haupandi machoni, nikamwambia amesomea wapi udaktari.

Maganga akatoka. Alisimama mlangoni, anavuta koti lake chini. Nilimtazama na sikujua nifanye nini na uso wangu. Miaka yote ile. Kila asubuhi, "mbuzi wa chini ya lori," na mimi nikidhani ananikumbusha aibu yangu ili tucheke. Mtu huyu alikuwa anasalimia sauti iliyomfanya anibebe mimi.

Ningeweza kumwambia nimesikia. Nilimwona anangoja, ameinua kidevu kama mtu anayengoja kupigwa.

"Umewaambia nini?" nikauliza.

"Nimewaambia ulikimbia mpaka Bukoba, tukakurudisha kwa kamba."

"Mla michembe wewe," nikasema. "Nibebe basi, mguu unauma."

Akacheka. Akanipa bega. Tukavuka Mnazi Mmoja hivyo hivyo, taratibu, watoto wa shule wanatupisha.

Ombi lilipita. Sikuongezewa cheo wala sikupigiwa tarumbeta, nilipewa kadi. Nikapasuliwa kwenye hospitali ya jeshi. Kipande chenyewe walinionyesha, kidogo kama punje ya hindi, nikawaambia watupe. Nikafundishwa kutembea na kijana mwenye subira aliyenihesabia hatua kama mtoto. Maganga alikuwa anakuja, anakula chakula changu, anawaambia wagonjwa wenzangu kwamba mimi nilishonwa na fundi viatu wa Gerezani. Sikumwambia. Alikuja siku nyingi na kila siku nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Bado sijui kama nilimwonea huruma au nilikuwa nachunga utani wetu. Kama ningelitoa lile neno, tungebaki wazee wawili wanaojuana mno, na matusi yangeisha.

Mwezi uliopita Maganga alifariki. Moyo, amekaa kwenye kiti chake mbele ya duka, yule mama Mchaga akadhani amesinzia, akamfunika kitenge.

Wanawe wakaamua kumsafirisha Tabora. Tukaaga pale mtaani, mbele ya duka, ibada ikasomwa, jeneza likapakiwa kwenye basi dogo la msiba. Watu wakaanza kupanda. Dereva akawasha.

Nikamwambia Zainabu shika fimbo yangu.

"Baba, usifanye hivyo. Nyonga!"

"Nyonga hii aliitafutia tiba yeye."

Nikapiga magoti, nikalala, nikajisogeza kwa viwiko mpaka chini ya basi, kati ya tairi za mbele na za nyuma. Watu wakapiga kelele. Dereva akazima. Wanaojua mila wakaanza kucheka, wakawaambia wasiojua: ni mtani wake, Mzaramo, amezuia maiti, haliondoki gari mpaka apewe haki yake.

Mwanawe mkubwa akainama, kichwa kinachungulia, machozi na kicheko pamoja. "Baba mdogo, toka basi, safari ni ndefu. Unataka nini, kuku?"

"Mbuzi!" nikasema, na nikalia kama mbuzi.

Mtaa mzima wa Kariakoo ukacheka. Wapagazi wakatua mizigo. Nilisikia hata mjane anacheka, na mjane akicheka mtani amefanya kazi yake.

Chini ya basi kulikuwa na harufu ya dizeli na ya vumbi lililoloa. Tairi lilikuwa karibu, la upande wa kulia, bado lina joto. Nikanyoosha mkono nikalishika. Halikuwa mbali. Mtu hahitaji nguvu nyingi kulifikia.

Wakaniambia haya, umepata mbuzi, tutakutumia, toka sasa. Nikalia tena mara ya pili, kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Wakacheka tena, wakadhani ni nyongeza ya utani. Ile ya kwanza ilikuwa yangu. Ya pili nilimlilia yule ambaye hakulia.

Kisha nikaachia tairi, nikanyoosha mikono, wakanivuta.